Kuba, Nikaragua au Dominika: siga ipi kwa jioni ya Nairobi?

Mtu yuko uwanja wa ndege wa Dubai, anakupigia simu: "Niko hapa dukani kwa siga, nikubebee zipi?" Una dakika mbili za kujibu kabla hajaitwa kupanda ndege, na wengi wetu husema "Cohiba" kwa sababu ndilo jina linalotangulia mdomoni. Jibu langu ni jingine. Akiwa analeta za kuvuta wiki hiyohiyo, alete Padrón. Akiwa analeta boksi la kuweka na kulisahau, alete Partagás Serie D No. 4. Za kumkaribisha mgeni ambaye hajazoea, Davidoff. Na pesa ikibaki, Arturo Fuente Hemingway Short Story, ambayo imevikwa jani la Afrika. Hizi nne ndizo nitakazozipambanisha, kwa macho ya mtu anayevuta Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, baridi ya Julai na ukavu wa Januari.

Kabla hajatoa kadi ya benki, mkumbushe jambo la forodha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia bila ushuru na tumbaku ya aina zote isiyozidi gramu 250 kwa jumla. Robusto moja, yaani siga fupi na nene, ina uzito wa gramu 11 hadi 14 hivi. Boksi la 25 basi limezidi kiwango hicho, hata kama ni dogo kiasi cha kuingia kwenye mkoba. La 10 linapita bila maneno.

Naandika kwa wanaovuta tayari. Ambaye hajaanza sina neno la kumshawishi: siga moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku inayokaribia pakiti nzima ya sigara, na hata usipoingiza moshi mapafuni, mdomo, koo na umio vinabaki katika hatari ya saratani. Isitoshe, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma nje ya sehemu zilizotengwa. Kwa hiyo tunazungumzia baraza ya nyumbani, au ile kona ya baa iliyotengwa. Muulize mhudumu kabla hujakata.

Partagás na Padrón

Hapa ndipo penye mechi yenyewe, na ni mechi ya ndugu. Partagás ni jina la Havana tangu 1845. Mzee José Orlando Padrón naye alizaliwa Pinar del Río, mkoa uleule wa Kuba wenye mashamba ya Vuelta Abajo ambako majani bora ya siga za Havana hutoka. Mapinduzi yalipochukua mashamba ya familia aliondoka, akafika Miami, rafiki akampa nyundo, akafanya kazi ya useremala mpaka akaweka akiba ya dola 600. Kwa pesa hizo alifungua kiwanda kidogo mwaka 1964. Baadaye akaipeleka kazi Nikaragua, kwenye udongo mweusi wa Estelí, akapanda mbegu zenye asili ya Kuba. Kwa hiyo unapolinganisha hizi mbili, unalinganisha mbegu ya ukoo mmoja katika udongo wa nchi mbili.

Serie D No. 4 ina urefu wa milimita 124 na unene wa 50, yaani sehemu 50 kati ya 64 za inchi, karibu sentimita mbili. Utepe wake, ile karatasi inayozunguka siga, ni mwekundu. Kila jani ndani yake ni la Kuba: la nje, la kufungia, na ya moyoni. Inaanza na pilipili manga na udongo uliolowa, kisha inatulia kwenye ngozi na kahawa isiyo na sukari. Ni siga yenye sauti kubwa. Ikiwa changa hukwaruza koo, na harufu kama ya amonia hubaki kwenye theluthi ya kwanza, kwa sababu siga za Kuba mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa bado zinaendelea kupevuka. Iache mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, na ule ukali hugeuka utamu wa aina ya matunda makavu. Hilo ndilo wapenzi wa Havana wanalolipia, na wana haki.

Padrón 1964 Anniversary ilitolewa mwaka 1994, kampuni ilipotimiza miaka 30. Utaitambua kwa umbo: imebanwa ndani ya boksi mpaka imekuwa na pembe, karibu mraba, inakaa vizuri kati ya vidole. Majani yake huzeeshwa angalau miaka minne kabla ya kusokotwa. Matokeo yake ni kwamba subira imekwisha kufanywa na mtu mwingine. Unaiwasha siku ya kuinunua na inatoa kakao, kahawa iliyokaangwa vizuri, karanga, na utamu fulani unaokaa kwenye ulimi. Haina ule mshangao wa Partagás, ile dakika ambapo ladha inageuka ghafla na unatazama siga mkononi kana kwamba mtu ameibadilisha. Padrón ni tulivu na ya kutegemewa kuanzia mwanzo hadi utepe.

Tofauti nyingine iko kwenye mvuto, yaani jinsi moshi unavyopita. Siga za Kuba zina sifa ya kutolingana: katika boksi moja waweza kupata zinazopumua vizuri na moja iliyosokotwa kwa kukaza hata shavu linachoka. Padrón zinafanana sana moja na nyingine. Kwa mtu wa Dubai au London mwenye duka jirani hilo si jambo kubwa. Kwetu sisi, ambao siga nzuri hufika kwa kubebewa, siga iliyoziba ni hasara isiyo na pa kurudishwa. Ndiyo maana, pamoja na mapenzi yangu kwa ule utepe mwekundu, ya kwanza ninayomtajia mtu ni Padrón.

Na Cohiba je? Ni siga nzuri, sibishi. Ilizaliwa Kuba mwaka 1966, na baadhi ya majani yake hupitia uchachushaji wa tatu, wakati chapa nyingine huishia wa pili. Hapo ndipo ule ulaini wake unapotoka. Lakini mwaka 2022 Habanos, kampuni inayouza siga za Kuba duniani, walilinganisha bei za Cohiba na za chapa ya Trinidad duniani kote na viwango vya juu vya Hong Kong, na katika nchi nyingi bei ikaruka mara mbili na zaidi. Leo bei ya Cohiba Siglo VI moja yaweza kukununulia mbuzi Kiamaiko. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili. Kununua mwenyewe ni hesabu nyingine, na mimi mbuzi ninamtaka.

Davidoff na Arturo Fuente

Zote mbili husokotwa Jamhuri ya Dominika, ila ni watu wawili tofauti kabisa. Davidoff ina jina la Zino Davidoff, mzaliwa wa Kyiv aliyekuwa na duka Geneva. Siga zenye jina lake zilitengenezwa Kuba mpaka kampuni yake na Wakuba wakakosana, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi ikahamia Dominika. Zile za utepe mweupe, kama Signature 2000, huvikwa jani jepesi la rangi ya dhahabu linalolimwa Ekuador, ambako mawingu yenyewe ndiyo hema la kivuli. Ladha ni malai, nyasi kavu, mbao za mwerezi. Haigombani na mtu. Mvutaji mzoefu atasema ni laini mno, na baada ya mbuzi choma na kachumbari ya pilipili ni kweli, hutaisikia. Asubuhi ya Jumamosi na kahawa, kabla ulimi haujaguswa na kitu, hakuna inayoishinda.

Short Story ni fupi, sentimita kumi hivi, imechongoka pande zote mbili, na familia ya Fuente imekuwa kwenye biashara hii tangu 1912. Kinachonivuta ni jani lake la nje, linalotoka Kamerun. Jani la aina hiyo hulimwa Kamerun na Jamhuri ya Afrika ya Kati, chini ya mawingu ya ukanda wa msitu, bila hema la kivuli. Ni jembamba, lina vinundu vidogo unavyovihisi ukipitisha kidole, na likiungua hutoa mdalasini, karanga na utamu kidogo. Tumbaku yetu ya Migori, Busia na Meru huishia kwenye sigara. Hii ya Kamerun ndiyo Afrika inayovikwa siga zinazogombaniwa Marekani, na wengi wa wavutaji hapa mjini hawajui kuwa wanavuta jani la bara lao.

Ubaya wake ni huohuo wembamba. Jani la Kamerun likikaushwa na hewa ya Januari hupasuka ukilikata, na ufa hufuata siga hadi nusu. Davidoff huvumilia kidogo zaidi, Padrón yenye jani nene la jua huvumilia zaidi ya zote. Kama huna pa kuhifadhia, Short Story ivute ndani ya siku chache au usiinunue.

Neno moja juu ya rangi, kwa kuwa dukani ndilo linalowapotosha watu. Jani jeusi halimaanishi ukali. Weusi wa siga iitwayo maduro hutokana na uchachushaji mrefu na wa joto, na mara nyingi huleta utamu. Ukali hutoka kwenye majani ya moyoni, hasa ligero, yale ya juu ya mmea yanayopigwa na jua zaidi. Kuna siga ya kahawia nyepesi itakayokulaza chali.

Muda ulionao

Ungeniuliza kitu kimoja cha kuangalia kabla ya nchi na kabla ya chapa, ningesema saa. Foleni ya Thika Road ikikutoa saa mbili usiku, hujala, kesho ni kazi, usiwashe siga ndefu iitwayo Churchill. Ina milimita 178 na inataka saa moja na nusu ya kukaa kitako. Utaiharakisha, itapata moto kupita kiasi, na itakuwa chungu. Siga yoyote inayovutwa zaidi ya mara moja kwa dakika hivi inaungua badala ya kufuka, hata iwe ya bei gani.

Kwa jioni za kazi, H. Upmann Half Corona ya milimita 90 inatosha. Nusu saa imekwisha. Montecristo No. 4, milimita 129 kwa unene wa 42, inakupa kama dakika 40 na ni njia ya bei nafuu ya kuionja Kuba yenyewe. Robusto kama D No. 4 ni saa nzima. Zile ndefu ziachie Jumapili alasiri Karen au Runda, kwa mwenye bustani na majirani wasiolalamika. Mwezi Julai sisi wengine tunavuta fupi tu, maana baraza ya Nairobi saa tatu usiku haina urafiki.

Feki

Kuba inapoteza alama hapa, na nyingi. Havana ndizo zinazoigwa zaidi duniani, na Cohiba inaongoza. Boksi la Cohiba lenye mfuniko wa kioo ni feki. Habanos hawatengenezi boksi la aina hiyo, basi usipoteze muda kubembeleza bei. La kweli lina muhuri wa serikali ya Kuba upande wa kushoto, wenye namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya Habanos, na chini ya boksi maneno "Hecho en Cuba" na "Totalmente a mano" yamechomwa kwa chuma cha moto, yakifuatwa na alama ya kiwanda na mwezi wa kufungashwa. Pitisha kidole: mchomo unabonyea, wino haubonyei. Siga moja moja isiyo na boksi, inayouzwa nje ya baa Westlands kwa nusu ya bei, haina cha kuhakiki. Iache.

Padrón 1964 nayo huigwa, ila wameweka utepe wa pili wenye namba ya kila siga. Davidoff na Fuente hukutana na shida hiyo kwa nadra zaidi. Kama unanunua hapa mjini kwa mtu usiyemjua, Nikaragua na Dominika ni usingizi mzuri zaidi.

Kisanduku cha mwerezi au mkebe wa plastiki

Unyevu unaotakiwa ni asilimia 65 hadi 70. Nairobi haitupi hilo mwaka mzima: wakati wa masika hewa ni nzuri, lakini Januari na Februari alasiri inakauka sana, na siga iliyoachwa juu ya meza hugeuka fimbo ndani ya siku chache. Wa Mombasa wana shida ya upande wa pili, ukungu na joto, na joto likipanda juu ya nyuzi 24 mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa na kutoboa boksi zima. Sisi wa huku juu tuna bahati ya ubaridi. Kabati la ndani lisilopigwa na jua linatosha. Gari lililoegeshwa juani halitoshi, hata kwa saa moja.

Kisanduku cha mbao za mwerezi ni kizuri kukitazama, na mbao zake husawazisha unyevu na kuongeza harufu. Lakini cha bei nafuu huvuja kwenye mfuniko, na Januari utakuwa unakiongezea maji kama mgonjwa wa dripu. Mkebe wa plastiki unaoziba kabisa, wa kuwekea chakula, mpya usio na harufu, pamoja na pakiti ya kusawazisha unyevu kama Boveda, unafanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya bei. Siga za Kuba nazipenda kwenye pakiti ya 65, kwa kuwa zikilowa zaidi hukataa kuwaka. Nikaragua na Dominika kwenye 69. Ukiwa na vibao vya mwerezi vilivyotoka kwenye boksi la zamani, vitupie humo. Kipima unyevu usikiamini mpaka ukijaribu: chumvi kijiko kimoja, matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito, viweke pamoja ndani ya mfuko uliofungwa usiku kucha. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 70, unajua kinadanganya kwa tano.

Ningenunua mkebe kwanza, kisanduku baadaye, siku nitakapokuwa na zaidi ya boksi mbili na sebule ya kuringia.

Na kinywaji, na mtu wa kumpa

Kahawa ya Nyeri ina uchachu mzuri, na uchachu huo unakaa vizuri na Davidoff, ila na D No. 4 hugeuka ugomvi wa wawili wenye sauti kubwa. Partagás ipe ramu isiyo na barafu, au chai ya tangawizi isiyo na maziwa kama hunywi pombe. Padrón inakubali chochote, hata bia baridi. Short Story na chai ya maziwa yenye iliki ni ndoa ambayo sijaona mtu akiisifu, na wanakosa.

Ukimpa mtu, muulize kwanza kama anavuta sigara. Hao ndio wanaopata shida, kwa sababu wamezoea kuuvuta moshi hadi kifuani, na moshi wa siga si wa kifuani. Mzee wa ukweni anayetaka kuonja baada ya ruracio, sherehe ya mahari, usimpe Partagás hata kama ndiyo iliyo mfukoni. Mpe Davidoff ndogo, baada ya chakula, si kabla. Mkatie mwenyewe, milimita mbili tu za kichwa, usivuke ile kofia ya jani inayokifunika. Ukitumia kiberiti, acha kichwa cha njiti kiungue chote kwanza, la sivyo atavuta baruti. Mwambie, "Baba, usimeze, uzungushe mdomoni uutoe." Akianza kutokwa jasho kwenye paji la uso, pokea siga, mpe soda yenye sukari, na muendelee kuongea habari za mifugo.